Barua Pepe za Hadaa Vyuoni: Utambuzi na Wajibu katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Barua pepe ya hadaa ni ujumbe unaotumwa kwa jina la mtu au taasisi inayoaminika, kwa nia ya kumfanya mpokeaji atoe kwa mkono wake mwenyewe siri ambayo mwizi asingeipata kwa njia nyingine: nenosiri la akaunti, nambari ya siri ya benki, tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu, au nakala ya kitambulisho. Ushauri unaotolewa kwa kawaida kuhusu ujumbe wa namna hii humwelekea mpokeaji peke yake, kwamba awe macho, asome kwa makini na asibofye ovyo. Ushauri huo si wa uongo, lakini umeegemea upande mmoja. Katika vyuo vya nchi ya chai, kuanzia Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2013, Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kilichoanza mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, hadi taasisi za ualimu, misitu na ufundi zilizotapakaa kati ya Londiani na Sotik, uwezo wa mwanafunzi kuitambua barua ya uongo hutegemea sana jinsi chuo chenyewe kinavyoandika barua zake za kweli, na hasara hukua au hukatwa mapema kulingana na jinsi chuo kinavyompokea mtu anayekuja kusema kwamba amedanganywa.

Chuo huwavutia matapeli kwa sababu akaunti moja hufungua milango mingi. Nenosiri lile lile ambalo mwanafunzi hutumia kusoma barua pepe mara nyingi ndilo humwingiza katika mfumo wa matokeo, ada, usajili wa masomo na maktaba ya kidijitali, na anwani inayoishia kwa .ac.ke, ambayo nchini Kenya imetengewa taasisi za elimu ya juu, humpa aliyeiteka heshima ambayo anwani ya kawaida haina. Ujumbe unaotoka katika akaunti halisi ya mhadhiri, hata kama mhadhiri huyo hajui kwamba kuna mtu mwingine ndani yake, hupita kwenye vichujio vya barua taka kwa urahisi na huaminiwa na wanafunzi wake wote. Ukubwa wa tamaa hii ulidhihirika Machi 2018, pale waendesha mashtaka wa Marekani walipowashtaki raia 9 wa Iran kwa madai ya kuwatumia maprofesa barua za hadaa zilizojifanya kutoka kwa maprofesa wenzao. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, vyuo 144 vya Marekani na vingine 176 katika nchi nyingine 21 vililengwa, na akaunti zipatazo 8,000 zikaingiliwa, lengo likiwa tafiti na majarida ya kitaaluma. Chuo kidogo cha mashambani hakina budi kujihesabu miongoni mwa wanaolengwa, kwa kuwa nenosiri la maktaba yake lina thamani sawa na la chuo cha jiji kubwa iwapo vyote viwili vimelipia hifadhi ile ile ya majarida.

Hata hivyo, tishio la kila siku kwa mwanafunzi wa Kericho haliko katika majarida bali katika ada. Hapa kalenda ya mahali ina uzito. Familia nyingi za wakulima wadogo wanaopeleka majani mabichi kwenye viwanda vinavyosimamiwa na Wakala wa Maendeleo ya Chai wa Kenya, KTDA, hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo, kisha husubiri malipo makubwa ya mwisho wa mwaka wa hesabu, yaani bonasi, ambayo kwa kawaida huwafikia karibu na Oktoba, na ambayo kabla haijafika mkononi huwa imeshapangiwa karo, mbolea na madeni. Mwaka wa masomo wa vyuo vingi huanza Agosti au Septemba. Kati ya siku ya kujiunga na siku ya bonasi kuna majuma ambayo mwanafunzi ana deni la ada, ana hofu ya kuzuiwa kufanya mtihani, na anasubiri habari kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, au kutoka ofisi ya basari ya kaunti au ya eneobunge. Ujumbe unaosema kwamba mkopo umeidhinishwa lakini akaunti haijathibitishwa, na kwamba uthibitisho ufanywe kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku hiyo, huwafikia watu ambao tayari wanasubiri ujumbe wa aina hiyo hiyo. Hawanaswi kwa ujinga, ila kwa sababu ujumbe umeoana na haja yao ya kweli.

Hali hiyo ilizidi kuwa tete kuanzia mwaka 2023, serikali ilipoleta mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu unaowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uhitaji wa familia. Mfumo huo ulileta tovuti mpya, fomu mpya na rufaa za wasioridhika na makundi waliyowekwa. Kisha Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, na Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo mwaka 2025. Katika kipindi ambacho hata maafisa walihitaji kueleza upya kila mara utaratibu gani unatumika, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuwa na kipimo cha kupimia ikiwa tovuti aliyotumiwa ni ya kweli. Utaratibu unaobadilikabadilika ni neema kwa walaghai, na gharama hiyo haina budi kuhesabiwa na kila anayebuni mfumo mpya wa umma.

Eneo lenyewe lina historia ya karibu na utapeli wa simu. Mulot, mji mdogo ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, umetajwa nchini kote kwa miaka mingi kuhusiana na wizi wa kubadilisha laini, ambapo tapeli humshawishi mteja au wakala wa simu hadi nambari ya mteja ihamishiwe kwenye kadi nyingine, kisha fedha za M-Pesa na za benki zichotwe. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, imetangaza mara kadhaa kuwakamata washukiwa huko. Si haki kuwatia doa wakazi wa Mulot wote kwa vitendo vya wachache. Kinachostahili kuzingatiwa ni uhusiano wa mbinu. Barua pepe ya hadaa hukusanya jina kamili, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu, na hizo ndizo taarifa anazohitaji mtu anayetaka kujifanya mwenye laini. Fomu ya uongo ya basari inayojazwa Jumatatu inaweza kuzaa simu Alhamisi kutoka kwa mtu anayejiita mhudumu wa wateja, anayemtaja mwanafunzi kwa majina yake matatu na kumwomba asome tarakimu zilizoingia kwenye simu yake. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa barua pepe na ulinzi wa laini ni jambo moja: mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe na mtu mwingine, na kila chuo kingefaa kuwaelekeza wanafunzi kufanya hivyo siku wanayosajiliwa.

Utambuzi wa ujumbe wenyewe huanza na tofauti kati ya jina na anwani. Jina linaloonekana juu ya barua, mathalani “Ofisi ya Fedha” au “Msajili wa Chuo”, huandikwa na mtumaji apendavyo na halithibitishwi na yeyote. Anwani iliyo nyuma ya jina hilo, hasa sehemu inayofuata alama ya @, ndiyo yenye habari. Sehemu hiyo huitwa kikoa, yaani jina la taasisi kwenye intaneti, na husomwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kiungo kinachosomeka chuo.ac.ke.malipo-ada.com hakina uhusiano wowote na chuo, kwa kuwa mwenye mali ni aliyesajili malipo-ada.com, na maneno yote yaliyotangulia ameyabandika mwenyewe kama pambo, ilhali fedha.chuo.ac.ke ni tawi la chuo kweli, kwa kuwa kinachokaa mwisho, kabla ya alama ya kwanza ya mkwaju, ni kikoa cha chuo. Kanuni hii moja, ikifundishwa kwa mifano kumi ubaoni, ina faida kuliko orodha ndefu ya dalili. Ugumu ni kwamba wanafunzi wengi husoma barua zao kwenye simu, na programu ya barua kwenye simu huonyesha jina na kuificha anwani ili kuokoa nafasi ya kioo. Mtu hulazimika kugusa jina ili anwani ifunuke, na kukibonyeza kiungo kwa muda bila kukiachilia ili aone kinakoelekea. Msimbo wa mraba unaosomwa kwa kamera huficha hata hicho, na matangazo yanayobandikwa kwenye mbao za mabweni yakiwa na misimbo hiyo yamewazoesha vijana kuisoma bila kuuliza.

Dalili nyingine, za hofu, haraka na zawadi isiyoombwa, zinajulikana vya kutosha na hazihitaji maelezo marefu. Ila dalili moja iliyokuwa ikitajwa kwanza, yaani makosa ya sarufi na tahajia, imekwisha nguvu. Programu za akili bandia huandika Kiingereza cha ofisi kisicho na dosari, na sasa huandika hata Kiswahili kinachopita, na kwa upande wa pili waraka wa kweli wa chuo unaweza kuwa na makosa tele kwa kuwa uliandikwa usiku wa kuamkia mtihani. Anayewafundisha wanafunzi kutafuta makosa ya lugha anawafundisha kuamini uongo ulioandikwa vizuri.

Hapa ndipo tabia ya chuo chenyewe inapostahili kuchunguzwa kwa ukali. Katika taasisi nyingi nchini, tangazo halali humfikia mwanafunzi likiwa picha ya karatasi iliyopigwa mhuri, iliyotumwa kutoka anwani ya kibinafsi ya karani, ikasambazwa na kiongozi wa darasa katika kundi la WhatsApp, ikiwa na kiungo kilichofupishwa na agizo la kujaza fomu kabla ya saa kumi jioni. Anwani si ya chuo, kiungo hakisomeki, muda ni mfupi, na taarifa binafsi zinaombwa: kila dalili ya hadaa imo ndani ya waraka wa kweli. Mwanafunzi anayeutii anajifunza kwamba hivyo ndivyo ofisi zinavyozungumza, na anayeupuuza kwa tahadhari hupoteza nafasi yake ya hosteli. Baada ya mihula miwili ya malezi ya namna hiyo, hakuna semina itakayomfanya aogope ujumbe wa tapeli uliofuata mtindo ule ule. Mchuma chai wa Kericho hulijua jani lisilofaa kwa haraka kwa sababu jani linalofaa, majani mawili na chipukizi, halibadiliki kutoka shamba hadi shamba. Mwanafunzi naye anahitaji barua ya kweli isiyobadilika sura.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya chuo ni kujifunga kwa masharti machache na kuyatangaza hadharani: kwamba barua zote za kikazi zitatoka kwenye kikoa cha chuo tu, kwamba nambari ya malipo ya ada imeandikwa katika barua ya kujiunga na haitabadilishwa kwa barua pepe hata siku moja, kwamba hakuna ofisi itakayoomba nenosiri kwa sababu yoyote, na kwamba tangazo linalohitaji mtu aingie kwenye akaunti yake litamwambia afungue tovuti ya chuo mwenyewe badala ya kumpa kiungo. Masharti haya hayagharimu fedha. Yanagharimu nidhamu ya wakuu wa idara, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kutumia anwani zao binafsi kwa sababu kisanduku cha barua cha chuo kimejaa au wamesahau nenosiri, na nidhamu hiyo ni adimu kuliko fedha.

Kwa wafanyakazi wa fedha na ununuzi hatari ina sura tofauti, kwa kuwa anayewaandikia hataki nenosiri bali malipo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha MacEwan cha Edmonton, Kanada, kilipoteza dola milioni 11.8 za Kanada baada ya wafanyakazi wake kubadilisha nambari ya akaunti ya benki ya mkandarasi kwa kufuata barua pepe iliyofanana na za mkandarasi huyo. Chuo kiligundua pale mkandarasi halisi alipouliza malipo yake yako wapi, na sehemu kubwa ya fedha ikarudishwa baadaye. Hakuna kikubwa kilichovunjwa katika mitambo ya chuo hicho. Kilichokosekana ni simu moja kwa nambari iliyokuwa tayari kwenye faili. Chuo cha Kericho kinachonunua kuni, mahindi, maharagwe na dawa za maabara kwa wauzaji kadhaa kwa mkopo kina mianya ile ile, na kinga yake ni ile ile: mabadiliko ya akaunti ya muuzaji yasikubaliwe hadi mtu wa pili ampigie muuzaji kwa nambari ya zamani, kamwe isiwe ile iliyoandikwa ndani ya barua inayoomba mabadiliko.

Mitambo nayo ina sehemu yake. Kuna rekodi tatu, zijulikanazo kwa vifupisho SPF, DKIM na DMARC, ambazo msimamizi wa mtandao huziweka kwenye kikoa cha chuo: ya kwanza hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la chuo, ya pili hutia kila barua sahihi ya kidijitali, na ya tatu huziambia seva za ulimwengu zifanye nini na barua isiyotimiza masharti hayo. Kikoa kisicho na rekodi hizi humruhusu mtu yeyote kutuma barua inayoonekana imetoka kwa makamu mkuu wa chuo, hata kwa msomaji aliyejifunza kukagua anwani, na kumlaumu msomaji huyo ni kumdhulumu. Uthibitisho wa hatua mbili, ambao hudai tarakimu za simu baada ya nenosiri, hupunguza hasara sana ingawa hauimalizi, kwa sababu ukurasa wa uongo unaweza kuziomba tarakimu hizo pia na kuzipeleka kwenye ukurasa wa kweli kabla hazijaisha muda. Kinachopinga mbinu hiyo ni ufunguo wa usalama, kifaa kidogo au siri iliyohifadhiwa ndani ya simu, ambao hukataa kufanya kazi kwenye kikoa kisicho chake. Google ilieleza mwaka 2018 kwamba tangu kuwapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 funguo hizo mapema mwaka 2017, hakuna akaunti ya kikazi iliyotekwa kwa hadaa. Chuo kisichoweza kumnunulia kila mtu kifaa hicho kinaweza kuanza na watu ishirini: wahasibu, msajili, wasimamizi wa mitambo na wakuu wa chuo.

Pamoja na yote hayo, kuna watakaonaswa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kiliingiliwa kuanzia Novemba 2018 kupitia barua ambayo, kwa mujibu wa ripoti ya chuo hicho, ilihitaji kutazamwa tu bila kubofya kiungo wala kufungua kiambatisho. Kwa hiyo mpango wa chuo usikome kwenye kuzuia, uanze na dakika ambayo mtu anagundua kwamba amekosea. Dakika hizo zina mfuatano wake. Nenosiri hubadilishwa kwanza, kwa kutumia kifaa kingine ikiwa kiambatisho kilifunguliwa, na vipindi vyote vilivyo wazi hufungwa, kwa kuwa mwizi aliyekwisha kuingia anaweza kuendelea kukaa ndani hata baada ya nenosiri kubadilika. Kisha hukaguliwa kanuni za kusambaza barua, yaani maagizo ya siri ambayo mwizi huyaacha ili nakala za barua zote, au zile zenye neno “malipo”, ziende kwake na kufutwa kwa mwenyewe. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na akaunti nyingi zinazodhaniwa zimepona huendelea kuvuja kupitia hapo. Nambari ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti hukaguliwa pia. Benki na kampuni ya simu hujulishwa ikiwa taarifa za fedha zilitolewa, na ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa simu hupelekwa Safaricom kwa nambari 333. Ujumbe wenyewe usifutwe, kwa kuwa vichwa vyake vilivyofichika vinaonyesha njia iliyopita na ndivyo ushahidi.

Lakini mfuatano huo hauanzi ikiwa aliyedanganywa ananyamaza, na watu hunyamaza kwa aibu na kwa hofu ya adhabu. Utafiti wa chuo cha ETH cha Zurich uliochapishwa mwaka 2021, uliowafuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15, ulionyesha kwamba kuwatumia watu hadaa za majaribio na kuwapa somo papo hapo wanapobofya hakukuwafanya kuwa hodari zaidi, na kulionekana hata kuwaongezea wepesi wa kunaswa. Kilichofaa ni kitufe rahisi cha kuripoti, kwa kuwa wafanyakazi waliendelea kukitumia bila kuchoka na walizifichua hadaa mpya mapema. Matokeo hayo yanapaswa kuwafikirisha wasimamizi wanaopenda kuwanasa watumishi wao kisha kuwataja majina kwenye mkutano. Chuo kinachotaka taarifa za haraka kinahitaji anwani moja ya kuripoti, mtu anayejibu ndani ya saa moja, na ahadi iliyoandikwa kwamba anayeripoti kosa lake mwenyewe hataadhibiwa. Taarifa moja ya saa tatu asubuhi humwezesha msimamizi kuiondoa barua ile ile kwenye visanduku vingine vyote kabla ya chakula cha mchana.

Sheria ya Kenya inaunga mkono haraka hiyo. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 hufanya hadaa ya namna hii kuwa kosa lenye faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, na kifungu cha 40 humtaka mwenye mfumo wa kompyuta kutoa taarifa ya shambulio ndani ya saa 24. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mdhibiti wa data, yaani taasisi inayozikusanya, saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data ikiwa taarifa za watu zimefikiwa isivyo halali na kuna hatari ya kweli ya madhara. Rejista ya wanafunzi yenye nambari za vitambulisho na hali ya uchumi ya familia zao ni mfano ulio wazi. Msaada wa kitaalamu upo katika kituo cha kitaifa cha kukabili matukio ya usalama wa mtandao, KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na katika KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka 1999, ambao una kikosi chake cha kushughulikia matukio ya usalama katika vyuo wanachama. Saa hizo haziwezi kutimizwa na chuo ambacho habari hukwama kwa karani anayeogopa kumweleza mkuu wake.

Limebaki kundi linalosahauliwa, nalo ni waliohitimu. Akaunti zao huachwa wazi kwa miaka, hazisomwi na mtu, nenosiri ni lile la mwaka wa kwanza, na zikitekwa hutuma barua kwa jina la chuo bila mwenyewe kujua wala mtu yeyote kuripoti. Chuo kinaweza kuzifunga baada ya muda uliotangazwa, au kuzihamishia kwenye kikoa kidogo cha wahitimu ambacho hakifungui mfumo wa ada wala wa matokeo, na kazi hiyo inaweza kufanywa na mtumishi mmoja katika juma moja la likizo, orodha ya mahafali ikiwa mkononi.